Je, ndege za kimataifa zitatua Mwanza? Yanayotakiwa, na yanayomhusu msafiri wa Hija na Umra



Sisi wa Segerea, Kipawa na Kinyerezi tunaishi jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Kwetu safari ya Makka huanza kwa bajaji au daladala. Kwa ndugu zetu wa Mwanza, Geita, Shinyanga, Simiyu, Mara na Kagera sivyo ilivyo. Wao hulazimika kwanza kuja Dar es Salaam, na wengi hufikia kwa jamaa zao huku kwetu wakisubiri siku ya kuondoka. Ndiyo maana kila panapotajwa habari ya Uwanja wa Ndege wa Mwanza kupanuliwa, swali huwa lile lile: lini tutapanda ndege Mwanza na kushuka Jeddah?

Swali hili lina uzito. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa anga ni kiasi cha kilomita 850, tena kuelekea kusini-mashariki. Kutoka Dar hadi Jeddah ni kiasi cha kilomita 3,170 kuelekea kaskazini. Jumla ni zaidi ya kilomita 4,000. Lakini kutoka Mwanza moja kwa moja hadi Jeddah ni takribani kilomita 2,770 tu. Yaani mtu wa Mwanza yuko karibu zaidi na Jeddah kuliko sisi wa Dar, lakini husafiri masafa marefu kutushinda, na hulipa nauli ya ziada, chakula na malazi ya njiani.

Uwanja kuwa mkubwa hakutoshi

Wengi wetu tunadhani kinachokosekana ni jengo zuri na njia ndefu ya kurukia ndege. Mwanza tayari ina njia ya zaidi ya kilomita 3. Urefu huo unahitajika, kwa sababu uwanja uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko hewa huwa nyepesi, hivyo ndege iliyojaa huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuruka.

Lakini tuangalie jirani zake. Songwe, kule Mbeya, ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012 ikiwa na njia ya zaidi ya kilomita 3, na bado shughuli zake kwa sehemu kubwa ni safari za ndani. Kisumu, ng'ambo ya ziwa hilo hilo upande wa Kenya, ilipanuliwa na kupewa jina la uwanja wa kimataifa, na abiria wake wengi bado ni wale wa Nairobi. Kwa hiyo jina na jengo peke yake havileti ndege. Yako mambo manne yanayotakiwa kukutana.

1. Mlango wa nchi

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia usafiri wa anga duniani, unaipa kila nchi haki ya kutaka ndege zinazotoka nje zitue kwenye uwanja wenye forodha. Maana yake ni kwamba lazima wawepo maofisa wa Uhamiaji, forodha ya TRA, afya ya mipakani na ukaguzi wa mimea na mifugo. Abiria wa nje na wa ndani lazima watenganishwe. Zimamoto iwe na magari na watu wanaolingana na ukubwa wa ndege inayotua, na mafuta ya ndege yapatikane kwa uhakika. Maofisa hawa wote ni mishahara ya kila mwezi, hata kama ndege yenyewe inakuja mara mbili tu kwa wiki.

2. Haki ya kuruka

Shirika la ndege halijipangii tu kwenda nchi nyingine. Nchi mbili huandikiana makubaliano yanayotaja mashirika, idadi ya safari, na mara nyingi miji yenyewe. Kwa hiyo shirika la kigeni linalotaka kutua Mwanza linahitaji Mwanza iwe imeruhusiwa katika makubaliano hayo, kisha lipate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Ipo njia ambayo imeisaidia Kilimanjaro. Kwa miaka mingi KLM imetoka Amsterdam, ikashusha watalii Kilimanjaro, kisha ikaendelea Dar es Salaam kwa ndege hiyo hiyo. Miji miwili hujaza ndege moja. Mwanza inaweza kufaidika kwa mtindo huo, lakini kwa kawaida shirika la kigeni haliruhusiwi kuuza tiketi kati ya miji miwili ya nchi nyingine. Likitua Mwanza kisha Dar, viti vilivyoachwa na walioshuka Mwanza hubaki vitupu hadi Dar. Hasara hiyo lazima ifidiwe kwenye nauli.

3. Abiria wa kutosha, mwaka mzima

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Tufanye hesabu. Airbus A220 ya Air Tanzania ina viti 132. Ikienda Jeddah mara mbili kwa wiki ni viti 264, na kwa mwaka ni viti 13,728 vya kwenda peke yake. Tukitaka robo tatu tu ya viti hivyo ijae, tunahitaji abiria 10,296 kila mwaka, kisha idadi kama hiyo ya kurudi.

Hija ni msimu mmoja. Mahujaji huondoka pamoja ndani ya siku chache, na ndege iliyowapeleka hurudi tupu, kisha huenda tupu kuwafuata. Umra ndiyo inayoendelea miezi mingi, nayo pia hujaa Ramadhani na kupungua nyakati nyingine. Kwa hiyo safari hiyo ingehitaji pia wafanyabiashara, wanaofanya kazi nchi za Ghuba, na watalii wa Serengeti wanaoingilia upande wa magharibi.

4. Mizigo ya kwenda na kurudi

Mwanza ina bidhaa ambayo miji mingi haina: minofu ya sangara. Zamani ndege kubwa za mizigo zilitua pale kuichukua kwenda Ulaya. Baadaye shehena nyingi zilianza kwenda kwa malori hadi Nairobi na Entebbe, zikapandishwa ndege huko. Sababu inaeleweka: ndege ikija tupu na kuondoka imejaa, mwenye samaki hulipia pande zote mbili. Nairobi na Entebbe zina ndege za abiria kila siku, na chini ya miguu ya abiria kuna nafasi ya mizigo. Safari za abiria zikianza Mwanza, samaki huyu anaweza kusaidia kupunguza mzigo wa nauli.

Matarajio yetu

Kwa maoni yetu, safari zinazoweza kutangulia ni za jirani kwa ndege ndogo: Entebbe na Kigali, ambazo kila moja iko kiasi cha kilomita 300 kutoka Mwanza, na Nairobi iliyo kiasi cha kilomita 460. Huko msafiri ataunganisha kwenda Jeddah bila kushuka kwanza hadi Dar. Hatua ya pili ni ndege za kukodi za msimu wa Hija. Safari ya kudumu ya Jeddah itafuata idadi ikishathibitika.

Na idadi hiyo iko mikononi mwetu kwa sehemu. Leo hujaji wa Bukoba akikata tiketi kupitia wakala wa Dar, huhesabiwa kuwa abiria wa Dar. Misikiti, taasisi na wakala wa Kanda ya Ziwa wakikusanya orodha zao pamoja, wakaonesha ni wangapi husafiri na miezi gani, watakuwa na hoja ya kupeleka kwa shirika lolote.

Tanbihi za kisheria

Kwanza, gharama ya njia nzima ni sehemu ya uwezo unaoifanya Hija iwe faradhi. Mwenye kumudu nauli ya Dar hadi Jeddah lakini hawezi kufika Dar na kurudi kwao bila kuwaachia dhiki wanaomtegemea, huyo hajapata uwezo, na hana dhambi.

Pili, msilipe fedha kwa anayetangaza "ndege ya moja kwa moja kutoka Mwanza" kabla ya kuonesha jina la shirika, tarehe, na tiketi mnayoweza kuihakiki kwa shirika lenyewe. Kuuza kiti cha safari ambayo haijapata kibali huingia katika gharar.

Tatu, njia ikibadilika, miqati nayo huweza kubadilika, kwani miqati ni za watu wake na za kila anayepitia hapo akikusudia Hija au Umra. Anayeunganisha kupitia Dubai au Doha kwa kawaida hupita upande wa Qarn al-Manazil. Avae ihramu mapema na atie nia kabla ya kuipita. Anayekwenda moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki amuulize sheikh wa msafara wake kabla ya kupanda ndege.

Wallahu a'lam.