Walihesabiwa Bila Majina: Jinsi Wamarekani Weusi Wanavyowatafuta Wazee Wao



Kabla hujaendelea kusoma, jaribu jambo hili. Taja jina la babu yako. Sasa taja jina la baba yake. Halafu jina la baba ya huyo tena. Na upande wa nyanya zako je? Wengi wetu tutafika watu watatu au wanne, kisha tuseme, "Ngoja nimwulize mzee." Hiyo si aibu. Mzee yupo. Na kama hayupo, shangazi yupo, na makaburi ya ukoo yanajulikana yako shamba gani.

Lakini wako watu wengi ambao hawana mzee wa kuuliza wala kaburi la kuonyeshwa. Hao ni Wamarekani weusi. Leo tunaeleza jinsi wanavyowatafuta wazee wao wa zamani, na jinsi wanavyowaheshimu wakishawapata. Tumeona habari hii inafaa vikundi vyetu, kwa maana mara nyingi kilichowasaidia ni daftari lililoandikwa na mtu wa kawaida tu: karani wa benki, mwalimu, au padri wa parokia.

MAJINA YALIPOTEAJE?

Wataalamu wa historia wanakadiria kwamba watu milioni 12 na nusu waliingizwa kwa nguvu katika meli za watumwa ili kuvushwa bahari ya Atlantiki. Karibu milioni 2 walifia njiani. Wengi wa waliobaki walipelekwa Brazil na visiwa vya Karibi. Waliopelekwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini walikuwa karibu 388,000, na wengi wao walitoka Afrika ya Magharibi na pande za Kongo na Angola. Watoto wao nao wakawa watumwa, na wajukuu vilevile. Kufikia mwaka 1860 watumwa wa Marekani walikuwa karibu milioni 4.

Sasa angalia jinsi walivyohesabiwa. Serikali ya Marekani hufanya hesabu ya watu kila baada ya miaka 10. Katika hesabu za 1850 na 1860, watumwa waliandikwa katika karatasi za peke yao. Jina lililoandikwa ni la bwana. Chini yake inasomeka tu: mwanamume, miaka 40, mwanamke, miaka 25, mtoto wa kike, miaka 3. Isipokuwa mahali pachache sana, majina yao hayakuandikwa. Ndoa zao hazikutambuliwa na sheria, na bwana akiingia katika deni aliweza kumwuza mama huku na mtoto kule.

Utumwa ulikomeshwa kote Marekani Desemba 1865. Basi hesabu ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wengi wa watu hao kwa majina yao. Mtu anayetafuta ukoo wake akirudi nyuma hufika mwaka huo, na hapo njia inafungwa. Wenyewe wanauita ukuta wa 1870.

WANATAFUTA NAMNA GANI?

Tuseme kuna mama anayeishi Chicago. Anachojua ni kwamba nyanya yake alitoka Georgia, basi. Familia nyingi ziko hivyo, kwa sababu kati ya 1910 na 1970 watu weusi karibu milioni 6 walihama kusini wakaenda miji ya kaskazini na magharibi kutafuta kazi na kukimbia ubaguzi. Ataanzia wapi?

1. Anaanza na yeye mwenyewe. Anaandika jina lake, la wazazi wake, la babu na nyanya zake, akirudi nyuma mtu mmoja mmoja. Akikimbilia watu wa zamani kabla ya kuwajua vizuri wa karibu, atajikuta ameshika ukoo wa watu wengine.

2. Anawauliza wazee waliobaki. Nani alimlea nani? Walisali kanisa gani? Jina la utani lilikuwa lipi? Anafungua Biblia ya familia, kwa maana wengi waliandika humo siku za kuzaliwa na za kufa. Anakusanya pia vijitabu vya mazishi. Huko, kama kwetu, siku ya mazishi watu hupewa kijitabu chenye picha na maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, ameacha nani. Wengi hukitupa. Mtafutaji hukiweka.

3. Anaenda kwa hati za serikali: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kifo, halafu hesabu za watu. Anaanza na ile ya 1950, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, akirudi mpaka 1870. Njiani atakuta pengo, kwa sababu karatasi za 1890 karibu zote ziliharibika baada ya moto uliotokea Washington mwaka 1921.

4. Akifika ukutani, anatafuta madaftari ya miaka ya kwanza ya uhuru. Mwaka 1865 serikali ilianzisha ofisi ya kuwasaidia walioachwa huru, nayo ilifungwa mwaka 1872. Ofisi hiyo iliandika ndoa, mikataba ya kazi, chakula cha msaada na shule. Mwaka 2015 na 2016 watu wa kujitolea walinakili kutoka madaftari hayo majina karibu milioni 1.8, na leo yanaweza kutafutwa kwa kompyuta bila malipo.

5. Ili kuvuka ukuta, inambidi amjue bwana aliyemmiliki mzee wake. Akishamjua, anasoma wosia wa bwana huyo, hati za mauzo na orodha za mali. Hapa ndipo penye uchungu. Jina alilolitafuta miaka mingi analikuta katikati ya ng'ombe na majembe, na kando yake bei. Lakini ni jina, na amelipata.

BENKI ILIANGUKA, MAJINA YAKABAKI

Sisi wa vikundi vya akiba tusikilize hii vizuri. Mwaka 1865 ilianzishwa benki ya akiba kwa ajili ya walioachwa huru. Watu waliweka senti zao za kwanza kabisa za uhuru. Wakubwa wa benki wakakopesha fedha ovyo, na mwaka 1874 benki ikafungwa. Watu zaidi ya 60,000 walikuwa na akiba humo, na wengi hawakupata haki yao yote. Wengine hawakupata chochote.

Lakini makarani wa benki walikuwa wameandika. Ili kumtambua mwenye akiba, walimwuliza: Umezaliwa wapi? Baba yako ni nani? Mama je? Ndugu zako wako wapi? Mara nyingine waliuliza hata jina la bwana wake wa zamani. Mtu akajibu, na jibu likaingia daftarini. Baadaye wafungwa wa gereza moja la jimbo la Utah walijitolea kwa miaka mingi kuyanakili majina hayo, na mwaka 2001 kazi yao ikatolewa kwa umma. Fedha za wale wazee hazikurudi. Majina ya mama zao ndiyo yamerudi kwa wajukuu.

MATANGAZO KANISANI

Baada ya uhuru, jambo la kwanza kwa wengi lilikuwa kutafuta watu wao waliouzwa. Walitembea kwa miguu, waliandika barua, na waliweka matangazo katika magazeti. Gazeti moja la Wamethodisti wa New Orleans lilikuwa na sehemu ya matangazo hayo kuanzia mwaka 1879, na wachungaji waliombwa wayasome mbele ya waumini. Mtu alieleza: mama yangu aliitwa hivi, tulikuwa wa bwana fulani, niliuzwa nikiwa mdogo, nina ndugu watatu. Fikiria kusikiliza matangazo hayo Jumapili, ukingoja kusikia jina lako.

Wengi hawakupatana tena. Hata hivyo matangazo yale yamehifadhiwa, na leo yanamwambia kitukuu kile ambacho karatasi za serikali zilikataa kusema.

KANISA NALO LINA DENI

Tusifiche. Mwaka 1838 mapadri Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272, wakubwa kwa watoto, na wengi wao wakapelekwa Louisiana. Bei ilikuwa dola 115,000, na sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Iliagizwa familia zisitenganishwe. Agizo hilo halikutimizwa.

Orodha ya majina ilibaki. Na kwa kuwa watu hao walikuwa Wakatoliki, ubatizo na ndoa zao ziliandikwa katika vitabu vya parokia huko Louisiana. Kwa vitabu hivyo watafiti wamewapata wazao kwa maelfu. Wengine walikuwa wamesali miaka yote katika kanisa lile lile lililowauza wazee wao, bila kujua. Aprili 2017 chuo na Wajesuiti waliomba msamaha hadharani, mbele ya wazao hao. Jengo moja la chuo likapewa jina la Isaac Hawkins, ambaye jina lake ni la kwanza katika hati ya mauzo.

TAHADHARI MBILI

Kitabu cha Alex Haley kiitwacho Roots kilitoka mwaka 1976, na mwaka 1977 kikaonyeshwa katika televisheni. Kiliamsha watu wengi kutafuta mizizi yao. Lakini wataalamu walipokagua hati, waliona sehemu za habari za ukoo wake hazilingani na maandishi. Funzo ni hili: ulichosikia kiandike, ulichothibitisha kiandike, lakini usivichanganye.

Pili, siku hizi kuna kipimo cha mate. Kinaweza kukuonyesha jamaa ambao hukuwajua, na kukukisia sehemu za Afrika. Lakini hakitaji jina la babu wala kijiji chake.

KUMHESHIMU ALIYEPATIKANA

Wakishampata wanafanya nini? Wanakutana ukoo mzima, mara nyingi wakati wa likizo, wanakula pamoja na kuyasoma majina kwa sauti. Wanafyeka makaburi yaliyofunikwa na msitu. Wengi huadhimisha tarehe 19 Juni, kukumbuka siku ile ya 1865 tangazo la uhuru lilipofika Galveston, Texas. Tangu 2021 siku hiyo ni sikukuu ya taifa.

Mjini New York, mwaka 1991, wajenzi wa jengo la serikali walifukua makaburi ya Waafrika wa zamani. Watu weusi walisimama imara, wakadai kazi isimame na wafu waheshimiwe. Mifupa ya watu 419 ilizikwa upya mwaka 2003, na mahali hapo leo ni kumbukumbu ya taifa. Majina yao hayajulikani, lakini wamezikwa kama watu.

NA SISI JE?

Jambo hili si la ng'ambo tu. Mwaka 1875 wamisionari Waanglikana walianzisha Frere Town, Mombasa, makao ya watumwa walioachwa huru. Wengi walikuwa wamenyakuliwa wakiwa watoto, na wakibatizwa walipewa majina mapya. Wazao wao tunao hapa Kenya.

Sisi wengine bado tuna wazee. Basi kikundi kinaweza kuanza hivi:

- Nunueni daftari moja gumu. Kila mwanachama aandikiwe ukurasa wake.
- Andikeni na majina ya kina mama na walikozaliwa, si ya wanaume peke yao.
- Andikeni tarehe, mahali, na jina la mzee aliyesimulia.
- Wekeni vijitabu vya mazishi mahali pasipofika mvua wala mchwa.
- Mwulizeni katibu wa kanisa vitabu vya ubatizo vya zamani viko wapi na viko hali gani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mzee gani hapa kwetu anayejua mengi, na hajaulizwa?
2. Kikundi chetu kikifa leo, daftari letu litamwambia nini mjukuu wetu?
3. Nani kijijini petu ambaye jina lake halitajwi, na kwa nini?

Yule karani wa benki hakujua kwamba anawaandikia watu ambao hawajazaliwa. Aliuliza tu, "Mama yako anaitwa nani?" kisha akaandika. Hata sisi tunaweza.