Mimba katika kovu la upasuaji

Mama, kama uliwahi kuzaa kwa kupasuliwa na sasa umekosa siku zako, usingoje tumbo lionekane. Njoo kliniki ukiwa na wiki sita au saba, hata kama huumwi popote.

Sababu ni hii. Mara chache, karibu mimba 1 katika 2,000, mimba hujishika ndani ya kovu la mfuko wa uzazi. Hapo nyama ni nyembamba na kibofu cha mkojo kiko jirani. Mimba ikikua, kovu laweza kupasuka na mama akavuja damu nyingi kwa muda mfupi. Usitazame kovu la ngozi. Lile laweza kuwa limepona vizuri. Wengine hutokwa na damu kidogo au huumwa chini ya kitovu, wengine hawasikii lolote.

Karatasi za hospitali za Kongo wengi mlizipoteza njiani. Haidhuru. Mwambie mkunga ulipasuliwa mara ngapi na mwaka gani, akuandikie barua ya kupigwa picha ya ultrasaundi. Picha ya kupitia ukeni huonyesha vizuri zaidi, usione aibu. Mpimaji naye mwambie habari ya kovu, maana asipojua anaweza kudhani ni mimba ya kawaida inayotoka.

Ikithibitika, daktari atashauri mimba iondolewe mapema. Ni habari nzito, hasa kwa aliyeitamani mimba hiyo, lakini kungoja kunaweza kukuondolea mfuko wa uzazi au uhai. Kuna sindano ya methotrekseti, kuna kunyonya mimba huku daktari akitazama picha, na kuna upasuaji wa kuitoa na kushona kovu. Hutegemea wiki, damu inayotoka, na kama unataka kuzaa tena, mwambie. Kukwangua bila kuona picha ni hatari. Vidonge vya kutoa mimba na miti shamba usivinywe kabisa.

Baada ya sindano utapimwa damu mara kwa mara mpaka homoni ya mimba iishe. Acha foliki asidi na pombe, na usishike mimba kwa miezi 3 angalau.

Ukitokwa na damu nyingi, ukiumwa sana au ukisikia kizunguzungu, hata usiku, mwamshe kiongozi wa bloku aite gari. Ukitumwa Bwera, Kagando au Fort Portal, nenda siku hiyo hiyo pamoja na ndugu wawili wanaoweza kutoa damu.