Zamu ya Usiku Katika Gesti Kuukuu

Nyumba ya kulala wageni, ambayo Watanzania wengi huiita gesti, hutofautiana na hoteli kubwa si kwa bei tu, bali pia kwa idadi ya watu wanaobaki kazini usiku, kwani hoteli huwa na mpokeaji wageni, fundi, mhasibu na walinzi, ilhali katika gesti kuukuu ya jirani na stendi ya mabasi kazi hizo zote humwangukia mhudumu mmoja, akisaidiwa na mlinzi ambaye aghalabu ni mzee mwenye rungu, redio na maoni yake kuhusu kila apitaye.

Uchakavu wa gesti nyingi za stendi una historia. Kwa takriban miongo mitatu mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku kucha, hivyo msafiri wa mbali alilazimika kulala njiani au kuwahi mjini na kusubiri basi la alfajiri, mpaka ruhusa ya safari za saa 24 ilipotolewa tena mwaka 2023; na kabla ya hapo Dar es Salaam ilikwishahamisha stendi yake kuu kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, ambako kituo kipya kilizinduliwa mwaka 2021. Abiria huhama, jengo halihami. Gesti inapopungukiwa na wasafiri hushusha bei, na bei hiyo huwaleta wale ambao nyumba nyingine zimewakataa au zimewashinda: mume aliyefungiwa mlango na mkewe, mganga anayepokea wagonjwa chumbani, mzee anayelipa kwa mwezi na kung'ang'ania chumba kilekile ijapokuwa dari lake linavuja. Vituko vinavyosimuliwa kuhusu gesti hizi, kwa hiyo, havitokani na ajabu ya tabia za watu kiasi hicho. Ni matokeo ya bei.

Chombo kikuu cha mhudumu ni kitabu cha wageni, ambacho kwa kawaida ni kauntabuku iliyochorwa safu kwa rula: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, namba ya kitambulisho, sahihi. Kitabu hiki ndicho polisi hukiomba wanapomsaka mtu, na ndicho pia kilichojaa uongo kuliko vitabu vyote vya nyumba hiyo, maana asiyetaka kuhojiwa huandika "mfanyabiashara" katika safu ya kazi na mji wowote unaomjia kichwani katika safu ya atokako. Mhudumu mzoefu hasomi maandishi. Husoma mzigo, viatu na namna mgeni anavyouliza bei.

Kuna pia wateja wa shoti taimu, yaani wanaokodi chumba kwa saa chache bila kulala, ambao huondoka saa nne au saa tano usiku na kuacha chumba kinachoweza kuuzwa tena usiku uleule. Hapo ndipo penye kishawishi, kwa kuwa mauzo ya pili yasipoandikwa pesa huishia mfukoni mwa mhudumu, na ndiyo sababu mwenye gesti mjanja hahesabu majina kitabuni bali huhesabu shuka chafu asubuhi.

Jengo lenyewe nalo hudai kuhudumiwa kama mgeni mwingine. Uniti za LUKU, ambao ni mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, huweza kwisha saa nane za usiku, feni zikasimama na milango ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine, na mhudumu akalazimika kununua umeme kwa simu yake akitumaini kurudishiwa pesa zake. Baada ya hapo huja saa kumi alfajiri, wakati ambapo joto la mwili wa binadamu huwa limeshuka karibu na kiwango chake cha chini kabisa na usingizi ni mzito kupita kiasi, nao ndio wakati wa kugonga milango ya wageni wa mabasi ya saa kumi na mbili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inaagiza nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa iliyofanyiwa kazi ndani ya muda huo. Kwa anayelipwa shilingi 1,000 kwa saa, usiku mzima wa saa kumi humwongezea shilingi 500, kiasi ambacho ni haba mno kwa kazi iliyoelezwa hapa. Lenye uzito zaidi kwa mhudumu ni suala la makato, kwani shuka likipotea au rimoti ya televisheni ikiondoka na mgeni, mazoea ni kumkata aliyekuwa zamu. Lakini sheria hiyohiyo hairuhusu makato ya hasara isipokuwa hasara imetokana na kosa la mfanyakazi, mwajiri ameeleza kwa maandishi chanzo na kiasi chake, mfanyakazi amepewa nafasi ya kupinga, na makato yote hayazidi robo ya ujira wake wa fedha.