Bendera Isiyojulikana Ikataliwe

Wasikilizaji, aliyewahi kungoja treni ya TAZARA katika stesheni ya Ifakara anazijua bendera mbili. Kijani, dereva anaondoka, nyekundu, anasimama. Je, mtu akipunga bendera ya zambarau? Dereva mwenye busara atasimama aulize. Yule anayesema "siijui, basi hainihusu", akaongeza mwendo, treni yake mimi sipandi.

Suala hilihili limewasumbua mafundi wa kompyuta kwa miaka mingi. Kompyuta mbili zinapowasiliana, kila moja hufungua soketi, yaani mlango wa mazungumzo. Programu huuomba mfumo endeshi, ndio msimamizi wa mashine nzima, uufungue mlango huo, na katika maombi ya namna hii huweza kupeleka bendera: alama ndogo za ndiyo au hapana. "Usinisubirishe kama hakuna ujumbe." "Mlango huu mtoto wangu asiurithi."

Hiyo ya pili inahitaji maelezo. Programu huweza kuzaa programu nyingine, na mtoto hurithi milango iliyo wazi. Tangu 1996 watafiti wa afya wa Ifakara wamefuatilia kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Tuseme, kwa mfano tu, kompyuta inapokea taarifa za aina hiyo kwa soketi, kisha inaita programu ndogo ya kuchapa ripoti. Mtoto huyo akirithi mlango, anaweza kusoma siri za nyumba za watu. Au atakaa nao wazi, na aliye upande wa pili angoje mwisho wa mazungumzo usiofika.

Zamani dawa ilikuwa ya hatua mbili: fungua mlango, kisha weka bendera ya kukataza urithi. Lakini katikati ya hatua hizo, kazi nyingine ndani ya programu ileile huweza kuzaa. Ni kufumba na kufumbua, ila mashine isiyolala itaiangukia nafasi hiyo siku moja. Mwaka 2008 mafundi wa Linux wakaruhusu bendera iwekwe palepale mlango unapofunguliwa.

Hapo wakakwama. Soketi zilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, na wito wa kumpokea mgeni, uitwao accept, haukuachiwa nafasi ya bendera hata moja. Kuubadili haikuwezekana, kwani programu zisizo na idadi ziliutegemea. Ikabidi utungwe wito mwingine, accept4, ukae kando ya ule wa kwanza. Huu una nafasi ya bendera, na usiyoijua huikataa.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye wito wa kufungua faili, open. Wenyewe hupokea bendera usizozijua na kunyamaza. Fundi akibuni bendera mpya ya usalama, mfumo wa zamani utaipuuza, na programu itadhani imelindwa kumbe iko uchi. Tena programu za kizembe zilizokuwa zikipeleka bendera ovyo huharibika siku bendera hizo zinapopewa maana.

Mwaka 2020 Linux ikaongeza openat2, wito unaorudisha kosa ukipewa bendera usiyoijua. Mwandishi wa programu hujua papo hapo kwamba ombi lake limekataliwa, akatafuta njia nyingine.