Mpishi Aliyeuchangishia Fedha Mgomo wa Montgomery

Mgomo wa mabasi wa Montgomery, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, ulianza tarehe 5 Desemba 1955 na kudumu siku 381. Dunia inamkumbuka Rosa Parks, aliyekataa kumwachia abiria mzungu kiti chake, na mchungaji kijana Martin Luther King aliyeuongoza. Georgia Gilmore, mama wa watoto sita aliyefanya kazi ya upishi, hatajwi sana. Naye alikuwa miongoni mwa waliohangaikia fedha.

Fedha zilihitajika kila siku. Weusi waliosusia mabasi walilazimika kufika kazini, hivyo chama kilichouendesha mgomo kikaandaa usafiri wa magari yapatayo 300. Magari hayo yalitaka petroli, matairi, matengenezo na bima.

Gilmore aliwakusanya wanawake wenzake, wakachanga vijisenti, wakanunua kuku na mikate. Walianza kwa kuuza chakula kwenye mikutano ya mgomo kanisani, kisha wakapeleka keki na vitafunio majumbani na kwenye saluni. Wengi wao walikuwa wapishi na watumishi wa majumbani kwa wazungu. Jina la mchangiaji likijulikana, kazi imekwisha. Ndiyo maana kikundi kikaitwa Club from Nowhere (Klabu Isiyotoka Popote): aliyeuliza fedha zimetoka wapi alijibiwa kuwa hazikutoka popote. Hata wazungu walinunua keki hizo.

Kila Jumatatu, mkutanoni, Gilmore alisimama na kutangaza kiasi kilichopatikana, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Inez Ricks naye akaanzisha kikundi cha upande wake wa mji, vikundi hivyo viwili vikawa vinashindana kipi kitaleta zaidi.

Mwaka 1956 Gilmore alitoa ushahidi katika kesi ya King iliyohusu mgomo huo, akaeleza jinsi dereva alivyopokea nauli yake, akamwamuru ashuke akapandie mlango wa nyuma, kisha akaondoa basi. Alifukuzwa kazi. King akamsaidia kuanza kupika na kuuza chakula nyumbani kwake, na jiko hilo likawa mahali pa kukutania wapigania haki.

Misingi ya uchangishaji wa kutetea haki imo katika kisa hiki cha Gilmore: omba bila haya, mlinde mchangiaji, toa hesabu hadharani. Somo hilo linatuhusu hata sisi. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, asasi nyingi za Afrika Mashariki zilipunguza wafanyakazi na kufunga miradi. Mfadhili mmoja mkubwa akiondoka, kazi ya miaka inasimama. Wachangiaji elfu wadogo hawaondoki wote kwa siku moja.

Kwa hiyo asasi zetu ziache kumwona mchangishaji kama mwandishi wa maombi ya ruzuku tu. Aajiriwe, afunzwe, alipwe vizuri na aketi kwenye meza ya maamuzi, kwa sababu bila yeye wakili wa wanyonge hana nauli ya kufika mahakamani. Nasi wananchi, tunaochangia harusi na misiba bila kusukumwa, tuichangie haki kwa moyo huohuo.