Waziri Mkuu Hupatikanaje?

Jioni huko Kalundu, karibu na Uvira, wavuvi hutengeneza taa na nyavu zao. Usiku wataingia ziwani kuvua ndagala. Mwenye mashua amekwisha kuwawekea kapita. Lakini fikirini, watoto: wavuvi wakimkataa kapita yule, nani atavuta wavu? Mashua italala mchangani mpaka kuche. Kwa hiyo mwenye mashua mwenye akili humweka yule ambaye wavuvi watakubali kwenda naye.

Kupata Waziri Mkuu katika inchi yetu ya Kongo kwafanana na hayo. Watu hawampigii kura Waziri Mkuu mwenyewe. Wao huchagua Rais, tena huchagua wajumbe wa kwenda Kinshasa, katika Baraza la Wajumbe, ambalo wengi huliita Bunge. Viti vyake ni 500, na wakaaji wa Uvira na wa Fizi wana wajumbe wao humo. Sheria kuu ya mwaka 2006 yasema kwamba Rais humtaja Waziri Mkuu kutoka upande wenye wajumbe wengi, baada ya kusemezana nao.

Je, kama hakuna upande uliopita nusu? Hapo Rais humtuma mtu azunguke katika vyama, aulize nani yu tayari kushirikiana na nani. Jina la kazi yake kwa Kifaransa lina maana ya mleta habari. Hupewa siku 30, na huweza kuongezewa 30 nyingine mara moja tu.

Waziri Mkuu akiisha kutajwa, huchagua mawaziri pamoja na Rais, kisha huenda mbele ya Baraza na kueleza mpango wa kazi yake. Wajumbe hupiga kura. Katika watu 500, wanaokubali wasipofika 251, serikali haipati ruhusa ya kuanza.

Hesabu hii si mpya kwetu. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama cha Patrice Lumumba kilipata viti vingi kuliko vingine, lakini katika viti 137 hakikufika hata nusu. Mfalme wa Ubelgiji ndiye aliyekuwa bado mkuu wa inchi. Waziri wake alimpa Lumumba kazi ya kutafuta wenzake, akamnyang'anya baada ya siku chache, akampa Joseph Kasavubu. Kasavubu hakuwapata watu wa kutosha. Kazi ikarudi kwa Lumumba, na wajumbe 74 wakaikubali serikali yake. Siku chache zilibaki kufika uhuru wa tarehe 30 Juni!

Kasavubu akawa Rais. Tarehe 5 Septemba 1960 alitangaza katika redio kwamba amemwondoa Lumumba. Lumumba naye akatangaza kwamba amemwondoa Kasavubu. Wajumbe walikataa maneno yote mawili, lakini hawakusikilizwa. Siku chache baadaye askari wa Mobutu walishika mambo. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Sasa tazameni mwaka 2019. Rais Félix Tshisekedi alikuwa na wajumbe wachache, na upande wa Joseph Kabila ulikuwa na wengi. Ikambidi amtaje Sylvestre Ilunga, mtu wa upande ule. Mwishoni mwa 2020 urafiki wa pande hizo ulivunjika. Rais akamtuma Modeste Bahati, mtu wa Kivu ya Kusini, kuhesabu upya, na wajumbe wengi wakahamia kwa Rais. Wengine walihama upesi mno, kama ndagala wanaofuata taa! Tarehe 27 Januari 2021 wajumbe 367 walipiga kura ya kumwangusha Ilunga. Akapeleka barua ya kujiuzulu, na tarehe 15 Februari Sama Lukonde akatajwa mahali pake.

Tarehe 1 Aprili 2024 akatajwa Judith Suminwa, mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo. Yeye naye alingoja mpaka Juni, wajumbe walipompigia kura.