Kidole Gumba na Zoezi la Kiswahili: Kupanga Skrini ya Simu kwa Mkono Mmoja

Wanafunzi wetu wengi hufanya mazoezi ya Kiswahili kwa simu ya mkononi, na mara nyingi mkono mmoja tu ndio ulio huru; wa pili umeshika mkoba, mtoto, au chuma cha kiti ndani ya taksi. Kwa kuwa walimu wa lugha huombwa kuandaa mazoezi hayo au kutafsiri maandishi yake, yafaa tuelewe jinsi kiolesura, yaani sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa, kinavyopangwa.

Mwaka 2013 mtaalamu wa usanifu Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwachunguza watu 1,333 wakitumia simu hadharani. Miongoni mwa waliokuwa wakigusa skrini, asilimia 49 walitumia mkono mmoja, asilimia 36 walishika kwa mkono mmoja na kugusa kwa mwingine, na asilimia 15 walitumia vidole gumba vyote viwili. Hoober alisisitiza pia kwamba watu hubadili mshiko kila mara.

Tangu hapo simu zimekua. iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, ilikuwa na skrini ya inchi 3.5, leo nyingi zimezidi inchi 6. Kidole gumba hakikukua. Kikiwa kimeegemea kiganja, huzunguka kama upinde: hufika kwa urahisi katikati na chini ya skrini, lakini pembe ya juu iliyo upande wa pili huifikia kwa kunyooshwa, na hapo ndipo simu huponyoka. Ndiyo maana mwaka 2021 Apple waliteremsha sehemu ya anwani ya Safari hadi chini ya skrini.

Kutokana na hayo tunapata kanuni tatu. Kwanza, swali na kifungu cha kusoma vikae juu, kwani macho hayachoki kufika huko. Majibu na vitufe vikae chini. Pili, kitufe kikuu kienee upana wote wa skrini, ili anayetumia mkono wa kushoto asitaabike. Tatu, vitufe visiwe vidogo wala visibanane. Mwongozo wa Google kwa simu za Android unapendekeza ukubwa ambao ni takriban milimita 9 kila upande.

Hapa ndipo kazi yetu walimu wa Kiswahili inapoanza. Ukiweka vitufe vinne katika mstari mmoja wa chini, kila kimoja hupata robo ya upana. Mfasiri akiandika "Uwasilishaji wa majibu", herufi zitakuwa ndogo mno au neno litakatwa katikati. Kiswahili kina dawa yake: kitenzi cha kuamuru. "Tuma", "Rudi", "Soma" na "Hifadhi" ni maneno mafupi, na kila moja linamwambia mwanafunzi la kufanya.

Hata hivyo, ufupi bila uangalifu una hatari. Baadhi ya wafasiri hutumia "Futa" kwa maana mbili: kuondoa kazi iliyoandikwa, na kuacha tendo lisiendelee. Mwanafunzi aliyeandika insha ya aya tano akikuta "Futa" kando ya "Tuma", kidole kikiteleza kidogo tu, kazi ya saa nzima imepotea. Tunapendekeza "Ghairi" kwa maana ya pili, na "Futa" iwekwe mbali na "Tuma". Programu ikitaka uthibitisho, vitufe visiseme "Ndiyo" na "Hapana" tu, bali "Futa insha" na "Iache".

Kabla ya kuwapa wanafunzi zoezi lolote, tulifanye wenyewe tukiwa tumesimama, kwanza kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Tukilazimika kubadili mshiko ili kujibu swali, basi kasoro imo katika mpangilio, wala si kwa mwanafunzi.